Sare Moja

Alasiri moja ya Septemba 2024, wanawake 18 waliteremka kutoka kwenye Noah mbili na bajaji moja kando ya barabara ya Lindi kwenda Masasi, hapo Mtama, wote wakiwa wamejifunga khanga za namna moja, nyekundu zenye pindo nyeusi. Mkubwa wao alikuwa na vitukuu. Mdogo wao alikuwa na mtoto mgongoni. Walibeba masufuria, mbuzi za kukunia nazi, nyungo mbili na ngoma tatu zilizofunikwa kwa magunia, kama mgonjwa anavyofunikwa asipigwe na upepo. Walipovuka barabara, mazungumzo yalikatika kwenye benchi la kahawa chini ya mwembe. Kisha mzee mmoja, mtu wa heshima zake, akakiweka chini kikombe na kusema, bila chuki wala furaha, "Hao ni wa ngoma."

Maneno manne tu, na kila aliyekuwapo akaelewa. Wa ngoma maana yake si kwamba wanajua kupiga ngoma. Maana yake ni kwamba midomo yao haina pazia, kwamba waume zao hawawawezi au hawapo, kwamba wanachofundishana usiku hakisemeki mchana, na kwamba binti akikaa nao mwezi mmoja atarudi kwao akiwa na macho mengine. Mzee aliyesema hivyo alifundiwa mkewe na wanawake hao hao, na mama yake mzazi alioshwa na wao siku alipofariki. Jambo hilo halikumzuia kusema, wala hakuona kuwa kuna lolote la kulinganisha.

Kiswahili kina neno somo. Somo ni yule mnayeitwa jina moja. Somo ni rafiki wa ndani, asiyehitaji kubisha hodi. Somo ni mwanamke amfundaye mwali. Na somo, kwa watu wa shule, ni jambo la kusomwa na kutahiniwa. Lugha chache zimebahatika kuwa na neno linalomweka rafiki, mwalimu na mafunzo katika chumba kimoja, na yumkini ni wanawake waliolikalisha humo. Jirani yake ni neno shoga. Mwanamke wa pwani humwita mwenzake shoga kama vile mwanamume amwitavyo mwenzake sahibu. Ni neno la jikoni, la kisimani, la ukumbini kwenye kusukana nywele. Lakini maana mbili zimeishi katika neno hilo kwa muda mrefu, na katika miaka ya karibuni maana iliyotumika kuwatukana wanaume imeifukuza nyumbani ile ya wanawake, hasa bara. Leo binti aliyesoma Dodoma au Mwanza husita kuliandika neno hilo katika ujumbe kwa rafiki yake. Hapana aliyewauliza wenye neno kabla ya kulichukua.

Mfasiri huyahisi haya anapokutana na jina la vile vyama vya wanafunzi wa kike katika vyuo vikuu vya Marekani, jina lililotokana na neno la Kilatini soror, yaani dada. Akiandika udada, amesema kweli, lakini neno halinuki moshi. Neno lililostahili ni ushoga, nalo limeshatekwa. Si kwamba vyama hivyo vya Marekani havifanani na hawa wanawake 18 wa Mtama. Vina siri zao za kuingizwa, nyimbo zao, rangi zao, na kiapo ambacho mtu hufa nacho. Mwaka 1908, katika Chuo Kikuu cha Howard mjini Washington, wanafunzi wa kike Weusi walianzisha Alpha Kappa Alpha, wenye rangi ya waridi na kijani. Mwaka 1913, chuoni hapo hapo, wenzao 22 waliasisi Delta Sigma Theta, na kabla ya miezi miwili kupita wakaandamana katika barabara za Washington, tarehe 3 Machi, kudai kura kwa wanawake, katika maandamano ambayo wapo waliotaka Weusi wakae nyuma. Kamala Harris, aliyekuwa Makamu wa Rais wa Marekani tangu 2021 hadi 2025, ni mmoja wa wale wa waridi na kijani. Hata hivyo, anayewajua wanawake wa vyama hivyo kwa njia ya filamu tu atadhani kazi yao ni kunywa, kuchana nywele na kuwasengenya wasio na nywele. Kumbe huko nako lipo benchi la kahawa.

Asili ya benchi la Mtama, lakini, ni ya huku huku, nayo haina uhusiano na filamu.

Njia ya watumwa iliyotoka Ziwa Nyasa ilifika pwani Kilwa Kivinje, na waliopelekwa Unguja na Mombasa katika karne ya 19 wengi wao walipitia upande huo. Walinyang'anywa majina, jamaa na ardhi. Walichobaki nacho wanawake ni kile kilichokuwa kichwani, na miongoni mwa hicho ulikuwamo unyago. Mjini Mombasa makungwi wengi walikuwa wanawake wa asili ya utumwa, na hata mabibi zao waliwaita kuja kuwafunda mabinti. Unguja nako ngoma hiyo ikaota mizizi hata watu wakasahau kuwa ni mgeni. Bi Kidude, yaani Fatuma binti Baraka, aliyefariki tarehe 17 Aprili 2013, alisifiwa duniani kote kwa taarabu, lakini nyumbani kwake alikuwa kungwi kabla hajawa nyota. Basi ile shaka iliyomo katika maneno "wa ngoma" si shaka ya dini peke yake, wala ya maadili peke yake. Ndani yake mna sauti ya zamani ya mwungwana akimtazama mjakazi akicheza: anamhitaji, na anamcheka.

Angalia jinsi ushauri ulivyogawanywa. Mwaka 1858 Mwana Kupona wa Pate alimtungia bintiye utenzi wa mawaidha ya ndoa, akimweleza namna ya kumtunza mume, kujipamba, kunena na watu. Utenzi huo umehifadhiwa, umefasiriwa, umefundishwa vyuoni, na ni haki yake. Kungwi wa kusini humweleza mwali mambo yayo hayo: kujisafisha, kujipamba, kunena na wakwe, kunyamaza inapobidi na kutonyamaza inapozidi. Humwimbia kwa sababu mwali hana daftari, na humchezea kwa sababu mwili haujifunzi kwa maneno. Mafunzo ya kwanza yakaitwa hekima, ya pili yakaitwa matusi. Tofauti moja ni kwamba kungwi hutaja viungo vya mwili kwa majina yake, na hiyo ni tofauti kweli, lakini mkunga na daktari nao huvitaja.

Wamisionari walilifahamu jambo hili kuliko walivyopenda kukiri. Huko Masasi, Askofu Vincent Lucas wa misheni ya Kianglikana hakuipiga marufuku jando. Aliichukua, akaivika msalaba, na kwa upande wa wasichana pia wakajaribu kuwa na mafunzo yaliyobarikiwa na kanisa. Ya wavulana ilishika zaidi. Ya wasichana ilikuwa ngumu kuvikwa msalaba, kwani wenye nayo walikuwa wanawake, na hawakumkaribisha padri kuja kuhariri.

Mkubwa wa wale 18, mwenye vitukuu, ndiye kungwi wa kundi. Watu wa Mtama humwita Bibi tu, na ukisema Bibi bila kuongeza jina hakuna atakayeuliza yupi. Aliingia katika kundi akiwa mwari wa juzi, akawa mwitikiaji, kisha mwimbishaji, na alipokufa aliyemtangulia akakabidhiwa ngoma. Hajui kusoma. Anajua, hata hivyo, nani alimtunza nani, lini, kiasi gani, tangu enzi ambapo shilingi 5 ilikuwa fedha. Kutunza ndiko kunakolifanya kundi kuwa kundi. Mwanamke akioza binti, wenzake humjia wakicheza, na kila mmoja humbandika noti au humtandikia khanga. Siku mwenzake akioza, naye hurudisha na kuzidisha kidogo. Ni deni lisilolipwa likaisha. Likiisha, undugu umeisha.

Tangu miaka ya 2000 deni hilo limeandikwa. Vikoba vilipoenea nchini, vikifuata njia iliyoanzia Niger mwaka 1991 kwa wanawake wa kijijini kuweka akiba ndani ya sanduku lenye kufuli kadhaa, kundi la Bibi likaona kuwa mbona hilo walikuwa wakilifanya, ila bila kufuli. Wakanunua sanduku. Wakamtafuta karani, na karani akapatikana ndani ya nyumba: mjukuu wa Bibi, darasa la sita, mwenye mwandiko wa kusomeka. Kila Jumapili alasiri mtoto huyo alikaa kwenye kigoda katikati ya watu wazima akiandika hisa, jamii, faini ya kuchelewa na faini ya kusema wakati mwingine anasema. Faini ya pili ilijaza sanduku haraka kuliko hisa. Baadaye ikaja Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, iliyoviweka vikundi vya namna hii katika daraja la nne na kuvitaka vijisajili. Mjukuu ndiye aliyejaza fomu. Penye nafasi ya shughuli za kikundi aliandika kuweka na kukopa. Ngoma hakuiandika. Hakuna aliyemwambia asiiandike.

Inafaa kusemwa hapa kwamba si Mtama tu ambapo wanawake wa ngoma wameficha ngoma yao. Mjini Mombasa vyama vya lelemama vilikuwa na fahari ya kutisha. Ibinaal Watan na Banu Saada vilishindana kwa mavazi, kwa maandamano, kwa karamu, kwa vyeo vya kujipa, na kwa beti zilizomchana mpinzani hadharani. Mwungwana na mwenye asili ya utumwa waliweza kuitikia wimbo mmoja. Kisha maneno ya aibu yakazidi, waume na wanazuoni wakakunja uso, na mabinti waliosoma wakaona haya kwa ajili ya mama zao. Kufikia mwisho wa miaka ya 1950 nguvu ile ilikuwa imehamia kwenye jumuiya za wanawake wa Kiislamu, zenye mikutano, viti na ajenda, zilizohimiza elimu. Margaret Strobel ameandika habari hizo kwa kina katika kitabu chake cha 1979. Elimu ilikuwa kheri. Lakini wanawake waliojua kuongoza mkutano walijifunza wapi, kama si katika ngoma?

Unguja, vyama vya taarabu vya wanawake, Nuru el-Uyun na Sahib el-Arry, vilipigana vita vya beti na sare hata mji ukagawanyika nyuma yao. Na kabla yao alikuwapo Siti binti Saad, mtoto wa Fumba, muuza vyungu, aliyesafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi sauti yake katika sahani za santuri. Aliposemwa kwa sura na kwa asili, alijibu kwa kazi. Shaaban Robert alimwandikia wasifu, na kwa kufanya hivyo alimweka mwimbaji wa kike mahali ambapo Kiswahili kilikuwa kikiwaweka masheikh na masultani peke yao.

Dar es Salaam ndiko ambako benchi la kahawa lilinyamazishwa kwa muda. Mwaka 1955 mgeni kutoka chama cha Labour cha Uingereza, John Hatch, aliwauliza viongozi wa TANU liko wapi tawi lao la wanawake. Halikuwapo. Aliyeitwa kuliongoza alikuwa Bibi Titi Mohamed, mwimbishaji wa kundi la ngoma liitwalo Bomba, mwanamke aliyeachika na kuolewa tena, mwenye elimu ya darasa chache na sauti ya kuvuka uwanja. Hakuanza kwa kuandika barua. Aliwaendea viongozi wa makundi ya ngoma mmoja mmoja, kwa kuwa alijua kwamba kiongozi akikubali, kundi zima limekubali, na sare yao itaonekana mkutanoni. Wanaume wenye kazi za serikali walikuwa wakiogopa kukata kadi. Wanawake wa ngoma walizikata, wakazificha kwenye khanga, na wakawauzia wengine. Susan Geiger alizikusanya simulizi zao wakiwa wangali hai, na kitabu chake kikatoka mwaka 1997. Kile kilichoitwa uhuni kikawa, kwa miaka sita, uzalendo. Uhuru ulipopatikana, vyama vya wanawake vikaunganishwa mwaka 1962 kuwa UWT, Bibi Titi akawa mwenyekiti wake wa kwanza, na mambo yakahamia maofisini. Yeye mwenyewe alikamatwa mwaka 1969, akahukumiwa kwa uhaini, akasamehewa mwaka 1972, akaishi kimya kwa miaka mingi hadi kufariki kwake Novemba 2000. Mtaa una jina lake sasa. Ngoma ya Bomba haina.

Asidhani msomaji kwamba kundi la Mtama ni la malaika. Beti zao zimevunja urafiki na, mara moja, mkono. Mwanamke asiye na binti wa kumwoza hutunza maisha yake yote bila kutunzwa, na hakuna kifungu katika katiba ya kundi kinachomfikiria. Maskini akishindwa sare hupewa khanga kwa mkopo, nao mkopo huo husemwa kwa kila mtu isipokuwa yeye. Lipo na zito zaidi. Wimbo unaosema kuwa mtoto amekua husikika na wanaume, na wapo walioufahamu vibaya kwa makusudi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana wa miaka 15 aolewe kwa ridhaa ya mzazi. Rebeca Gyumi alipoipinga, Mahakama Kuu mwaka 2016 ilisema vifungu hivyo vinapingana na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikathibitisha Oktoba 2019. Katika miaka hiyo yote kungwi aliyemcheza binti wa darasa la tano na kumrudisha nyumbani akiitwa mwanamke hakuwa hana hatia. Bibi alicheza wali wa umri huo zamani. Akiulizwa husema, "Tulicheza tulivyochezwa," kisha hunyamaza muda mrefu kuliko desturi yake. Siku hizi hungoja likizo, na hapokei mtoto ambaye mama yake hajaja mwenyewe kueleza atarudi shule lini.

Mjukuu yule karani hakuchezwa. Mama yake, aliyeokoka na unyago kwa kupelekwa kwa shangazi mjini Lindi, hakutaka, na Bibi hakulazimisha; alisema tu kuwa nyumba ya fundi haikosi kuvuja. Binti akamaliza kidato cha nne mwaka 2018. Msimu huo wa korosho ndio ule ambao wanunuzi binafsi walitoa bei iliyokataliwa, na mwezi wa Novemba Serikali ikatangaza kuzinunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likazisomba. Bei ilifurahisha. Malipo yalichelewa kwa wakulima wengi, na Mtama, mahali ambapo ada, bati, mahari na matanga yote hungoja korosho, kila mtu akawa tajiri wa karatasi. Kundi lilikuwa lifungue sanduku na kugawana Desemba. Hawakugawana. Mwaka 2019 binti alipopata nafasi katika chuo cha ualimu, mama yake alikuwa na stakabadhi mkononi na hakuwa na fedha. Sanduku likafunguliwa kwa funguo tatu, ada ikatoka, na binti mwenyewe, akiwa karani, akaandika kwa mwandiko wake wa kusomeka jina lake katika safu ya wadaiwa.

Sasa msomaji anajua wale wanawake 18 walikuja kufanya nini. Binti alikuwa anaolewa. Amepata mwalimu mwenziwe, kijana wa nyanda za juu, mpole, mwenye shangazi wengi. Na shangazi hao, katika barua ya pili ya posa, baada ya kutaja mahari na tarehe, waliomba jambo kwa adabu kubwa: kwamba shughuli iwe ya ukumbini, kule Lindi, yenye mshereheshaji na muziki wa kawaida, na kwamba zile ngoma za kusini, ambazo wamezisikia sifa zake, zisiwepo. Wakati huo huo kijana aliulizwa na marafiki zake, kwa kicheko, kama binti amechezwa, maana wake wa kusini, ati, wana mafunzo. Mwanamke wa Mtama hukutana na vyote viwili katika wiki moja: anaogopwa kwa alichofundishwa na anatamaniwa kwa hicho hicho. Huyu hakufundishwa chochote, na bado alivibeba vyote viwili.

Barua ilisomwa mbele ya mjomba. Kwa Wamwera mtoto ni wa ukoo wa mama, na neno la mjomba hupita la baba. Mjomba ni fundi wa magari, mtu wa amani. Akasema wakubali, kwa kuwa mgeni akiomba chumvi ipungue, huongezi pilipili. Bibi alikuwapo. Hakuupinga uamuzi. Aliuliza swali moja: "Na deni la watu nalifanyeje?" Maana miaka zaidi ya 40 alikuwa amewatunza mabinti wa wenzake, na huyu ndiye mjukuu wa kike wa pekee. Wenzake wasipocheza hawawezi kumtunza. Wasipomtunza, hawawezi kulipa. Wasiolipa hawawezi kumtazama usoni. Mjomba alisema fedha zinaweza kutumwa kwa simu. Bibi akacheka mpaka akakohoa.

Hivyo walikuja na sare, wakaja na ngoma zilizofunikwa, wakapita benchi la kahawa, wakaingia uani kwa mlango wa nyuma. Harusi ya ukumbini ilikuwa kesho yake. Usiku huo walikuwa wapishi tu, kwani hakuna shangazi aliyekataza kupikiwa. Walichoma moto sehemu nne, wakapepeta mchele, wakakuna nazi, na hapana aliyeimba. Waliozoea uwanja huo wakisikia kelele zao walisema ukimya ulikuwa kama wa matanga. Ngoma zilikaa ukutani ndani ya magunia yake.

Yapata saa nne ya usiku binti alitoka chumbani, mikono ikiwa mizito kwa hina, akaomba apewe lile daftari. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni akalitoa kwenye kikapu na kumfungulia, kwa kuwa yeye hakuweza kushika. Akasimama karibu na taa na kuanza kusoma, kurasa za mwandiko wake wa utotoni, jina baada ya jina: nani alimtunza nani, mwaka gani, doti ngapi, shilingi ngapi. Aliyetajwa aliinuka, akamwendea Bibi, akamtandikia khanga begani au akamtia noti kiganjani, akarudi kwenye sufuria yake. Hakucheza mtu. Ilichukua zaidi ya saa moja, na khanga zikampanda Bibi begani mpaka hakuonekana shingo. Binti alipofika kwenye jina lake mwenyewe, safu ya wadaiwa, ada ya chuo, aliyasoma vile vile, kwa sauti ile ile. Bibi akasema, "Hilo ruka, mke mwenzangu." Hakuliruka.

Mmoja wa shangazi wa bwana harusi, aliyekuwa amelazwa chumba cha mbele pamoja na wageni wengine, alitokea mlango wa uani akitafuta maji ya moto. Alikuwa mtu mzima, mnene, amejifunga kitenge juu ya gauni la kulalia. Haijulikani alikuwa amesimama pale muda gani. Alitazama moto minne, na yule bibi aliyezikwa katika khanga, na magunia yaliyoegemea ukuta yakiwa na umbo ambalo hakuna asiyelijua. Bibi akasogea kidogo kwenye mkeka.

"Karibu, shoga," akamwambia. "Kaa upande huu, moshi usikuumize."

Shangazi alishtuka kwa neno lile. Kwao halisemwi hivyo. Akawaangalia wanawake wengine usoni, mmoja mmoja, akitafuta aliyecheka. Kisha akavua ndara, akaketi, na kwa kuwa mbele yake palikuwa na mbuzi iliyoachwa na kifuu kilichokunwa nusu, akakivuta, akaanza kukuna, vibaya, kama mtu wa mahali pasipo na minazi. Aliyekuwa jirani yake akamshika mkono kumwonyesha.

"Hizo ndani ya magunia," akauliza baada ya kitambo, bila kuinua macho, "mnazifunika kwa nini?"

"Usiku una umande," Bibi akajibu.